MREJESHO: Watoto wa Nkuhungu wameielewa besiboli

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza nitawafundishaje watoto besiboli, huku Nkuhungu, Dodoma, ninakojitolea Jumamosi, bila gongo wala glavu. Asanteni mno. Aliyesema nianzie kwenye rede, ule mchezo wa kulengana kwa mpira, ndiye aliyenikomboa: kurusha kwa shabaha wanakujua tangu wadogo.

Gongo tulichongewa na fundi seremala wa jirani, mpira ni soksi zilizosokotwa na kamba, vituo vya kukimbilia ni viroba vya mchanga. Kwa kanuni, kituo hadi kituo ni mita 27 na ushee. Sisi tumeweka 15. Kuwatoa wapigaji watatu ndipo timu zibadilishane zamu walishika siku ileile. Kilichowasumbua ni kuachia gongo kabla ya kukimbia. Binti mmoja alizunguka vituo vyote amelikumbatia, vumbi hadi kwenye kope! Nilimhesabia pointi.

Halafu kuna mama anatuletea ugali wa uwele na mlenda wa karanga, wa moto, unavutika hadi kiwikoni. Nimekulia kwenye wali, lakini huu mlenda naupenda kweli.

Glavu bado, hasa ya mdakaji, yule wa nyuma ya mpigaji. Mwenye ya zamani anishtue, nitaifuata mwenyewe.