Falsafa na ushairi zina ugomvi gani?

mdadisi: Wakuu, Plato, yule mwanafalsafa Mgiriki, aliwatimua washairi kwenye dola bora aliyoibuni eti wanachochea hisia, sasa ile hadithi yake ya wafungwa wa pangoni wanaodhani vivuli ndo ukweli si ushairi mtupu jamani?

Kijukuu: Wivu tu huo 😂 Parmenides, Mgiriki mwingine kabla yake, aliandika falsafa yake kwa beti na hakuna aliyelalamika

bintiLamu: Huku pwani hiyo ligi haipo kabisa. Kasome Al-Inkishafi, ule utenzi wa zamani, mtunzi wake Sayyid Abdalla anaugombeza moyo wake halafu anakuonyesha magofu ya majumba ya mji wa Pate, madaka (vishubaka vya ukutani) yaliyopangwa vyombo vya kauri sasa makinda ya ndege ndo yanalala humo, hapo falsafa utaichomoaje ubaki na shairi?

mdadisi: Na Kezilahabi, yule mwandishi wa Tanzania, je?

Kijukuu: Yule alisoma falsafa na fasihi, kwenye diwani yake Kichomi 1974 katupa vina, wanamapokeo (watetezi wa ushairi wa vina na mizani) wakawaka balaa