Tupeane uzoefu: Mliowahi kufika Minnesota, Marekani, kule kwenye maziwa na baridi kali, ilikuwaje?

Mleta mada: Wakuu habari za muda huu. Dada yangu anaishi Brooklyn Park, jirani na Minneapolis, kaniambia njoo utembee. Sasa huku mtaani kila nikitaja Minnesota naambiwa utarudi kwenye jeneza kwa baridi, wengine wanasema kuzuri mno, maziwa elfu kumi. Mliofika mlienda mwezi gani, mlivaa nini, mlifanya nini? Viza ninayo tayari kwa hiyo hiyo mada tusiianze.

Msukuma wa Ziwani: Yamezidi elfu kumi mkuu, hesabu yao ni 11,842 na vidimbwi havimo. Mimi mtu wa Mwanza, kwa habari ya ziwa nilijua hakuna wa kuniambia kitu. Nenda Duluth, simama pale kwenye daraja linalonyanyuka meli zipite, uangalie Ziwa Superior. Kwa eneo ndilo kubwa kuliko maziwa yote duniani yasiyo na chumvi, letu la Victoria linafuata, ila kwa kina tumeachwa mbali sana, letu mita 80 na ushee, lile linafika 406. Mwezi wa saba huo nimechovya mguu maji yakanifukuza, na wazungu wanaogelea wanacheka tu. Ukipanda na barabara ya 61 utapita maporomoko ya Gooseberry halafu mnara wa taa wa Split Rock uko juu ya jabali, uliwashwa 1910 baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuvunja meli kibao.

Mkisii wa St. Paul: Mazee usikubali kuogopeshwa, mimi naishi huku. Wageni wote wanataka kuja wakati wa joto na ni sawa, lakini hawa watu utawajua Januari. Ziwa Mille Lacs likishaganda linakuwa mtaa kabisa, vibanda vya kuvulia samaki vimepangwa juu ya barafu, njia zimekwanguliwa theluji, pikapu zinapishana. Jamaa wa kazini alinibeba, nikamuuliza kweli hapa chini ni maji, akaongeza sauti ya redio. Wenyewe wanapima kwanza, sentimita 10 za barafu ndio unatembea kwa mguu, gari dogo linataka kama 25, na hata hapo hakuna anayekuhakikishia asilimia mia. Kibandani kuna jiko la gesi, vitanda, wengine mpaka tivi. Wanatoboa shimo kwa drili ndefu, wanaopoa vipande vya barafu na upawa wenye matundu, unashusha uzi na kasamaki kadogo kahai kwenye ndoano halafu unakaa. Unakaaa. Ghafla ziwa likanguruma, mlio mrefu unaanzia mbali huko unakuja unapita chini ya miguu, mimi tayari nimeshika mlango, mzee mwenye kibanda hata kichwa hakuinua, akasema hiyo ni barafu inatanuka, usiku kukiwa baridi inalia hivyo hadi asubuhi. Tukapata samaki wawili, wanaitwa walleye, wakakaangwa palepale, nyama nyeupe haina miba mingi, kungekuwa na ugali na sukuma ningehamia humo. Leseni ya kuvua usikose, mgeni anaweza kukata hata ya saa 24.

Bwana Chandarua: Mbona hakuna anayetaja mbu?? Juni, Julai, jua likizama karibu na ziwa lolote utawasikia. Malaria hawana ila roho mbaya wanayo.

Mama Zai: Mdogo wangu, toka na koti la kukufikisha tu, mengine kanunue huko, Minnesota nguo na viatu havina kodi ya mauzo na Mall of America iko Bloomington, uwanja wa ndege hapo hapo. Nguo ya ndani kabisa isiwe pamba, ikilowa jasho inakugeuka, tafuta sufu. Glovu chukua zile vidole vinakaa pamoja. Ikifika minus 25 ukivuta pumzi vinyweleo vya puani vinaganda, unasikia vinachomachoma, kope nazo zinashikana. Hapo bado, mji wa Tower tarehe 2 Februari 1996 ilifika minus 51. Kule kaskazini magari yanachomekwa kwenye umeme usiku injini isigande, shemeji yangu kuona waya umetokeza mbele ya gari akauliza hili nalo la kuchaji? Minneapolis katikati ya mji ndio raha, majengo yameunganishwa kwa madaraja ya vioo ghorofa ya pili, unaenda kula mchana koti umeacha ofisini.

Kasia Moja: Ukienda kiangazi fika Ziwa Itasca, mto Mississippi unapoanzia. Unavuka kwa kukanyaga mawe, maji ya magotini, mto wenyewe ndio ule ule wa New Orleans. Kama una kifua nenda Boundary Waters mpakani na Kanada, karibu kote injini marufuku, ni mtumbwi na kasia, na ziwa likiisha unaubeba begani mpaka ziwa lingine. Kibali lazima, kundi lisizidi watu 9, chupa za vioo na vyakula vya makopo hawaruhusu.

Mleta mada: Mtumbwi begani hapana aisee, nilikuja kutembea. Nimeshamwambia dada Januari, anasema nimerogwa. Mkisii, huyo mzee wa kibanda bado anapokea wageni? Nibebe unga?

Mkisii wa St. Paul: Anapokea, njoo pm. Unga usibebe, maduka ya Waafrika yapo hapo hapo Brooklyn Park kwa dada yako. Beba soksi.