Mada: Je, ni haki mhandisi wa programu kupunguziwa mshahara kwa sababu amepewa hisa?

Karani_wa_Hesabu:
Barua za ajira za kampuni chipukizi hapa Nairobi zimezoea wimbo mmoja: mshahara uko chini kidogo, lakini kuna hisa. Msimamo wangu ni kwamba hisa zisihesabiwe kama mshahara hata kidogo.

Chukua mfano. Benki inatoa KSh 280,000 kwa mwezi. Kampuni chipukizi inatoa 200,000 pamoja na haki ya kununua hisa 8,000 kwa dola 0.50 kila moja, zinazokomaa kwa miaka 4, yaani unazipata kidogo kidogo kadiri unavyobaki kazini. Pengo ni 80,000. Ukitoa SHIF (bima ya afya) 2.75%, tozo ya nyumba 1.5% na PAYE (kodi ya mshahara) 30%, mkononi ni kama 53,600. Kwa miezi 48, karibu milioni 2.57.

Sasa hisa. Tuseme hisa zote za kampuni ni milioni 10, wawekezaji wana 45% na waliweka dola milioni 15. Kampuni inauzwa dola milioni 20. Zako 8,000 ni 0.08% ya zote, na wengi hupiga 0.08% ya milioni 20 wakaona dola 16,000. Sivyo. Kwa kawaida mkataba wa wawekezaji unawapa haki ya kuchagua kurudishiwa fedha zao kwanza badala ya mgao wa asilimia yao, na kwa kuwa 45% ya milioni 20 ni milioni 9 tu, watachukua milioni 15 zao. Zinabaki milioni 5 za kugawanywa kwa hisa milioni 5.5, yaani kama dola 0.91 kila moja. Zako zinafika 7,270. Toa 4,000 za kuzinunua, unabaki na 3,270. Dola ikiwa KSh 130, hiyo ni kama 425,000, kodi bado. Na hapo kampuni imepata mnunuzi!

Seva_Macho:
Mkuu, umechagua bei inayokufaa. Iuzwe milioni 200 uone: wawekezaji watapendelea 45% yao, kila hisa itakuwa dola 20, na zako zitakuwa 160,000. Paystack, kampuni chipukizi ya malipo ya Lagos, ilinunuliwa na Stripe, kampuni kubwa ya malipo ya mtandaoni, mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 200, kwa hiyo si ndoto.

Halafu umesahau kazi yenyewe. Kwenye timu ya watu sita, malipo ya M-Pesa ni yako kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jibu la muamala kutoka M-Pesa linaweza kuja mara mbili, au lisije kabisa. Likija mara mbili na hukuweka namba ya risiti kuwa ya kipekee kwenye hifadhidata, mteja anaongezewa salio mara mbili. Lisipokuja, lazima uwe na programu inayojiendesha nyuma ya pazia na kuuliza hali ya muamala, badala ya kumwambia mteja alipe tena. Benki nyingi zingekupa kipande kimoja cha hilo, na mabadiliko yakasubiri kikao cha idhini.

Karani_wa_Hesabu:
Milioni 200 haifikiwi bila kuchangisha tena. Duru moja ikitoa hisa mpya sawa na 20% ya kampuni, jumla inakuwa milioni 12.5 na 0.08% yako inashuka hadi 0.064%. Duru ya pili, 0.051%. Na tusisahau upande wa pili: kati ya kampuni chipukizi za hapa Kenya, Kune ilifunga 2022, Sendy 2023, Copia ikawekwa chini ya wasimamizi Mei 2024.

Kuhusu kujifunza, sawa. Ila timu ya watu sita maana yake zamu ya dharura inakurudia kila wiki ya sita, wawili wakiondoka kila ya nne. Posho ya zamu imeandikwa wapi?

Mpekuzi_wa_Mikataba:
Mnabishana bei, ilhali mitego iko kwenye karatasi. Kwanza, mwaka wa kusubiri: mara nyingi ukitoka mwezi wa 11 hupati hisa hata moja. Pili, ukiondoka baadaye, mikataba mingi inakupa siku 90 tu kununua zilizokomaa. Dola 4,000 taslimu, kwa hisa usizoweza kumuuzia mtu. Omba muda huo uongezwe; ni ombi la kawaida.

Tatu, kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliruhusu kuahirisha kodi ya hisa za waajiriwa, lakini kwa kampuni yenye mauzo yasiyozidi KSh milioni 100 kwa mwaka. Inayokua haraka inapita hapo mapema, kwa hiyo nafuu inawakimbia walewale wanaoihitaji.

Nne, angalieni kama mnaitwa waajiriwa au wakandarasi, yaani watu wa kujitegemea wanaolipwa kwa mkataba wa kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa anayepunguzwa kazi notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Anayekatwa kodi ya zuio ya 5% badala ya PAYE ajue tayari anachukuliwa kama mkandarasi.

Mwana_Dar:
Na sisi tunaofanyia kampuni za Nairobi tukiwa Dar? Huku karibu wote tunapewa mkataba wa ukandarasi.

Mpekuzi_wa_Mikataba:
Ndugu, dai mshahara mkubwa zaidi. NSSF na bima utajilipia mwenyewe.

Seva_Macho:
Nakubali karatasi isomwe. Ila swali la kwanza kwa mwajiri lingekuwa fedha: benki kuna kiasi gani, na kila mwezi kinapungua kwa ngapi? Gawanya upate miezi iliyobaki kabla fedha hazijaisha. Chini ya miezi 12 ni hatari, maana kuchangisha huweza kuchukua nusu mwaka. Akijibu miezi 24, na hisa ni 0.5% badala ya hizo 0.08%, mimi bado naacha benki.

Karani_wa_Hesabu:
Kwa 0.5%, hata mimi ningepiga hesabu upya. Ila nani anampa mhandisi wa arobaini kuajiriwa kwenye kampuni 0.5%?