Kinanda chataka volti 12, kidude cha USB-C chanipa 9. Nifanyeje?

BintiKisauni
Asalaam aleikum nyote. Naombeni ushauri, nina harusi Jumamosi ijayo.

Mimi hupiga kinanda kwenye kikundi chetu cha taarabu cha akina mama huku Kisauni. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye kupamba, bi harusi ndio kwanza ameketishwa, stima ikapotea. Spika zetu zina betri zake, zikaendelea. Kinanda kikazima. Nilibaki nimeweka mikono juu ya vitufe, watu wote wananitazama. Sitaki yanikute tena.

Kinanda ni Yamaha, nyuma kimeandikwa DC 12V, adapta yake ni 12V 1.5A. Kijana wa duka moja mjini akaniuzia kidude kidogo: huku tundu la USB-C, huku skrubu mbili za waya, na swichi ndogo tatu za kuchagua volti. Akanambia niweke 12, nichomeke chaja yoyote ya simu inayochaji haraka. Nimeweka 12 kama karatasi inavyoonyesha. Kaka yangu akapima kwa mita: 9.1. Tukabadilisha waya, 9.1 vilevile. Kwenye chaja ya zamani ya lile tundu pana tukapata 5. Je, kidude ni kibovu? Kinanda sijakichomeka, naogopa.

FundiMajengo
Waleikum salaam dada. Umefanya la maana kutochomeka. Kidude chako ni kizima, aliyekosea ni aliyekwambia "chaja yoyote".

Kidude hicho, sisi mafundi twakiita triga, hakitengenezi volti. Kazi yake ni kuomba tu. Ndani ya USB-C mna pini mbili ziitwazo CC. Tundu la chaja likiwa tupu huwa halina umeme hata kidogo. Ukichomeka, chaja huhisi rezista (kijipande cha kuzuia mkondo wa umeme) ya kilo-omu 5.1 iliyo upande wa triga, ndipo ifungue volti 5. Kisha kupitia ile CC chaja hutuma orodha yake: nina 5 kwa ampea kadhaa, nina 9 kwa ampea kadhaa, na kuendelea. Chipu ya triga huisoma, hujibu kwa kutaja namba ya mstari inaoutaka, chaja ikikubali hupandisha volti na kusema tayari. Yote hayo hupita kabla hujaondoa mkono kwenye waya.

Sasa ukiagiza biriani na hoteli leo ina pilau tu, utaletewa pilau. Chaja yako haina 12 kwenye orodha, triga ikashuka kwa iliyo karibu, yaani 9. Ile ya tundu pana haizungumzi kabisa kwenye CC, ndiyo sababu ikabaki 5.

Wengi hawajui hili: kanuni za PD (USB Power Delivery, ndiyo hayo mazungumzo ya chaja na triga) za siku hizi haziilazimishi chaja kutoa 12. Chaja ya zaidi ya wati 15 lazima iwe na 9, ikipita wati 27 iongeze 15, ikipita 45 iongeze 20. 12 ni hiari ya mtengenezaji. Hebu soma maandishi madogo kwenye chaja yako utuambie.

BintiKisauni
Imeandikwa 5V 3A na 9V 2.22A. Basi, hakuna zaidi.

MwanaTudor
Kumbe jibu ulikuwa nalo mkononi. Zipo chaja za wati 20 zenye mstari wa 12V 1.67A, tafuta hiyo. Usinunue kabla hujasoma maandishi, hata muuzaji aape.

MamaWaLikoni
Jamani, mbona mwamzungusha? Stima ikipotea chaja nayo si itazima? Anachotaka mwenzetu ni powabanki.

BintiKisauni
Kweli dada, sikueleza vizuri. Chaja ilikuwa ya kujaribia tu. Powabanki anayo kaka, ya kuchajia laptopu, mAh 20,000. Imeandikwa 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A, 20V 3.25A. Nayo haina 12!

FundiMajengo
Hiyo ni nzuri kuliko hata ungekuwa na ya 12. Weka triga kwenye 15, kisha katikati ya triga na kinanda weka moduli ya kushusha volti, irekebishe hadi 12. Chagua inayobeba ampea 3, isifanye kazi kwa kuhema. Kinanda chako kikila mno ni wati 18, na 15V 3A ni wati 45, nafasi ipo tele.

Kuhusu muda: 20,000mAh kwa volti 3.7 za seli zake ni kama watisaa 74. Toa zinazopotea njiani, hata kinanda kikila wati 18 mfululizo utapita saa tatu. Na hakiwezi kula zote hizo muda wote.

Ruta_Bamburi
Naongeza jambo kwa sababu limenigharimu. Mimi nilitumia triga ya swichi moja kwa moja kwenye ruta ya volti 12. Siku moja niliitoa mfukoni nikachomeka, swichi ilikuwa imesogea hadi 20. Ruta ilikufa papo hapo, nikasikia na harufu.

Na triga zinazochagua volti kwa rezista badala ya swichi si salama zaidi. Chipu ya CH224K, ambayo imo kwenye nyingi, rezista ya 6.8k (kilo-omu) huomba volti 9, 24k ni 12, 56k ni 15, na pasipo rezista kabisa ni 20. Maana yake rezista ikibanduka, unapata volti kubwa kuliko zote. Kwa hivyo ushauri wa Fundi una faida nyingine: ile moduli ya kushusha ikipewa 20 bado itatoa 12.

Hata hivyo pima kwa mita kila mara kabla ya kuchomeka. Kila mara, dada yangu.

FundiMajengo
Umesema kweli kabisa. Mawili ya mwisho. Pini ya Yamaha ina chanya katikati, lakini thibitisha kwa mchoro ulio karibu na tundu, kwa sababu Casio nyingi za zamani ni kinyume chake. Na wakati wa shughuli mtu asichomeke simu kwenye powabanki hiyo. Powabanki nyingi zikiona kifaa cha pili hukata kidogo zigawe wati upya, na kinanda hakina subira ya kungoja.

BintiKisauni
Nimerudi na majibu. Jana kaka alinunua moduli ya kushusha, akaunga. Mita imesoma 15.0 kabla yake na 12.0 baada yake, chanya iko katikati. Nikavuta pumzi nikachomeka. Kimewaka!

Nimepiga tangu baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi, powabanki imetoka 100 ikafika 71. Halafu nikamwambia kaka achomeke simu yake makusudi, na wallahi kinanda kikazima palepale, kikawaka tena baada ya kitambo. Lile tundu la pili tumeliziba kwa selotepu nyeusi, na swichi za triga tumezifunika kwa gundi ya moto zikiwa kwenye 15. Shukran Fundi, shukran Ruta, shukran nyote.

MamaWaLikoni
Na mita uibebe mkobani siku ya harusi.

BintiKisauni
Iko tayari, ndani ya kanga.