Bi mkubwa kafanyiwa upasuaji wa kongosho, anataka kuacha omeprazoli

Wakuu, habari za jioni.

Mama yetu alitolewa uvimbe kwenye kichwa cha kongosho mwaka jana, ule upasuaji wa Whipple. Mungu ni mwema, anakula na mwili umeanza kurudi. Aliruhusiwa na omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali tumboni, pamoja na vidonge vya vimeng'enya vya kusaidia kusaga chakula. Sasa kagoma: "Sijawahi kuwa na vidonda vya tumbo, hizi dawa za nini?" Magoti yakimuuma anamtuma mjukuu duka la dawa. Tumwambieje?

Nesi_wa_Zamu: Pole kwa kuuguza. Asiache bila daktari wake kusema. Katika Whipple tumbo huungwa na utumbo mwembamba sehemu ambayo haikuzoea tindikali. Kawaida maji ya kongosho na nyongo huipunguza makali tindikali ile kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, lakini duodeni yenyewe imeondolewa. Kwa hiyo kidonda huota pale pale kwenye maungio, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuugua vidonda, na kinaweza kuja baada ya miaka.

Halafu huyo mjukuu anamletea dawa gani kutoka dukani?

Mleta mada: Nimeuliza sasa hivi. Diklofenaki. Zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, ziko chini ya mto.

Nesi_wa_Zamu: Hiyo ndiyo inanitisha kuliko yote. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zote zinachubua tumbo. Za mchanganyiko nazo msome pakiti, nyingine zina aspirini ndani. Kwa magoti muulizeni daktari kuhusu parasetamoli na kiasi chake. Ila kama aspirini aliandikiwa kwa ajili ya moyo, msiikate wenyewe, mkamuulize aliyeandika.

Mkulima77: Mpeni juisi ya kabichi na shubiri asubuhi, mimi hayo madawa siyaamini.

Kaka_Mkubwa: Mkulima, kabichi tule na ugali. Mzee wangu alifanyiwa operesheni kama hiyo, akaacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri, na sigara akarudia kimyakimya. Alianza kupata choo cheusi kama lami, kinanata, harufu kali. Akanyamaza, kwake habari za choo haziongelewi mbele ya watoto. Tulishtuka alipoanguka akielekea bafuni. Waliingiza kamera tumboni wakakuta kidonda kwenye maungio kinavuja damu. Leteni mtu ambaye mama hamuonei haya, amuulize choo kikoje. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini msijipe jibu wenyewe.

Mleta mada: Dada yangu ndiye anayemuogesha, atauliza yeye. Dawa ameze saa ngapi?

Nesi_wa_Zamu: Omeprazoli nusu saa hivi kabla ya chakula, asitafune. Vimeng'enya anameza akiwa anakula, akianza na katikati ya mlo. Na mwambie hivi: tindikali ikizidi, hata vimeng'enya vinaharibika, chakula kinapita bila kumnenepesha. Ulizeni pia kama alishapimwa H. pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo. Omeprazoli inaweza kuficha majibu, kwa hiyo daktari ndiye apange siku ya kipimo. Akitapika damu, choo kikiwa cheusi, au tumbo likikaza ghafla na maumivu makali, hospitali usiku huo huo.

Mleta mada: Asanteni sana. Hiyo ya kunenepa ndiyo imemgusa, kauliza mwenyewe kidonge kiko wapi. Diklofenaki dada kachukua. Kliniki tunaenda wiki ijayo, nitawapa mrejesho.