Mwasumini wa uani kwenye kompyuta: L-Py, GroIMP au Blender?

BintiMkomani: Assalam alaykum. Nataka kuunda mwasumini wa uani kwetu Lamu ndani ya kompyuta, ukue na utoe maua. Jumamosi nanunua laptopu, basi nijue kwanza programu. L-Py, GroIMP au Blender?

PingiliTatu: Wa alaykum salaam. Dada, la maana hujasema. Wataka picha tu au kujua mti unavyotawi? Python, lugha ya kuandikia programu, waijua? Na mfukoni kuna ngapi?

BintiMkomani: Elfu 35, ya mtumba. Python kidogo. Nataka kuona unavyotawi, na picha pia.

UfukweShela: Blender, bila kufikiri mara mbili. Ni bure, na kiongezo cha Sapling kinakupa mti dakika hiyohiyo.

MwembeMalindi: Sapling huchora umbo kwa vipimo, haikuzi jicho kwa jicho, yaani chipukizi kwa chipukizi. Chukua L-Py, nayo ni bure na kanuni zake huandikwa kwa Python. Imetumika kuunda mwembe wa kisiwa cha Réunion. Msingi ni wa mwanabiolojia Lindenmayer, 1968: kila herufi ni kiungo cha mmea, na kila hatua herufi zote hugeuzwa kwa pamoja. Jicho A huwa I[+A][-A]A: I ni pingili, kila mabano ni kitawi cha ubavuni, na A ya mwisho ni ncha inayoendelea.

FundiGede: Sikilizeni yaliyonipata kwa kanuni kama hiyo. Niliazima laptopu ya ami yangu, RAM GB 4. Kila jicho litoe matatu. Hatua ya 4, macho 81, mti ukapendeza mno. Nikaona matawi bado machache, nikaandika hatua 12. Hayo ni macho 531,441, na kila moja nililiwekea jani lake! Skrini ikaganda tangu alasiri hadi isha. Nikaizima kwa nguvu, na hesabu za jahazi ambazo ami hakuwa amezihifadhi zikaenda. Tulikaa siku mbili tukiziandika upya kutoka kwenye risiti. Dada, usishuke chini ya GB 8.

UfukweShela: Pole, kaka. Lakini majani myapange kwa nyuzi 137.5 kati ya jani na jani, ndiyo siri ya mimea.

PingiliTatu: Hiyo ni ya mimea inayotoa jani mojamoja. Asumini majani yake ni jozi, yametazamana. Ukiweka 137.5 utapata mti mwingine kabisa. Na shada mara nyingi ni la maua matatu: la kati hufunguka kwanza, ya ubavuni hufuata.

MwembeMalindi: Kweli. Na ncha ikishatoa shada haiendelei tena, matawi hutoka chini yake. Mwembe vilevile.

BintiMkomani: Bibi huchuma vitumba jioni kabla havijafunguka, kwa vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Tawi likichumwa hivyo, chini yake huchipuka zaidi?

FundiGede: Kuchuma ua si kupogoa.

PingiliTatu: Inategemea amekata wapi. Akivunja na kifundo cha chini, pale majani yanapotokea, hapo ni kupogoa. Mwulize bibi.

UfukweShela: Vikuba vya Lamu bila mkilua mimi sivihesabu.

BintiMkomani: Vyetu vina mkilua! GroIMP hakuna aliyeitumia?