Uwatu, mlonge au ming'oko: kipi hasa kinagusa homoni ya maziwa?

MamaShangani (Mtwara mjini)
Habari zenu wapendwa. Mtoto ana wiki 3, naona maziwa hayamtoshi. Mama mkwe ananipikia uji wa uwatu asubuhi na jioni. Jirani anasema nichume mlonge, upo hapo uani. Na muuza ming'oko (viazi mwitu) sokoni ameniapia kwamba ile ming'oko yake ina homoni ya kike yenyewe. Nishike lipi?

BintiKilwa
Dada, hongera ya uzazi! Mimi nilikunywa uwatu kwa mtoto wa pili, jasho likanuka sukari iliyoungua mpaka kwenye kanga. Siku ya nne maziwa yakajaa. Ila siku hizohizo nilihamia kwa mama, mtoto ananyonya usiku kucha, kwa hiyo sithubutu kuupa uwatu sifa zote.

Mwana_wa_Newala
Ming'oko naipenda, nimekulia nayo, lakini hilo la homoni si kweli. Asili yake ni hii: miaka ya 1940 mkemia Mmarekani Russell Marker alichukua diosijenini, kemikali ya mmea, kutoka viazi mwitu vya Meksiko, ndugu wa ming'oko yetu, akaigeuza kuwa projesteroni, homoni ya kike. Aliigeuza maabara, kwa kemikali, hatua baada ya hatua. Tumbo la binadamu haliwezi kazi hiyo. Hata uwatu una diosijenini, na hoja ni ileile. Kula ming'oko kwa kushiba.

MkungaMstaafu (Nachingwea)
Mwanangu, maziwa yanatengenezwa kwa amri ya homoni iitwayo prolaktini, inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Mtoto akinyonya, inapanda, na usiku hupanda zaidi. Ziwa likiachwa limejaa, utengenezaji unapungua hata ukinywa sufuria nzima ya uji.

Mlonge ndio ningeanza nao. Ni mboga yenye madini ya chuma na vitamini A, na Wafilipino nao huwapa wazazi. Majani tu, mizizi usiguse.

Uwatu una ushahidi mchanganyiko kwenye maziwa. Homoni unayoigusa waziwazi ni insulini: una kiini kinachochochea kongosho kuitoa, na utelezi wake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Mwenye dawa za kisukari anaweza kushuka sukari ghafla. Anayedhurika na karanga naye awe mwangalifu, ni jamii moja ya mikunde.

Sasa nijibu: mtoto anakojoa mara ngapi kwa siku? Uzito wa kuzaliwa ameshaurudia?

MamaShangani
Shikamoo mama. Anakojoa mara saba, nane. Uzito sijapima tangu wiki ya kwanza. Na hapo kwenye sukari umenishtua, maana ilinipata mimba ikiwa miezi sita na vidonge bado natumia. Mama mkwe hajui.

MkungaMstaafu
Marahaba. Mara saba ni nzuri, huenda maziwa yanatosha. Uwatu usimame leo, na kesho nenda kliniki na mtoto wakampime. Vidonge vyako wavione, uwaambie na huo uji.

BintiKilwa
Mama mkwe mweleze kwa upole, dada. Alikupikia kwa mapenzi.